Kifungu cha Sita Nilichokiruka

Kakuma, Jumapili jioni

Ekai mwanangu,

Umekwenda kambini kuwaaga rafiki zako, na najua rafiki yangu Mama Furaha hatakuachilia kabla hujamaliza sahani ya pili ya ugali na sombe, yale majani ya muhogo ya kwao Kongo. Nimefunga kibanda mapema ili niandike kungali na mwanga. Kesho ukifika Lodwar utapanda gari jingine mpaka ziwani, na Jumanne utakuwa kazini, kitambulisho cha ofisi ya uvuvi kikining'inia shingoni. Habari za neti, dawa ya malaria na kutoogelea penye mamba sitaziandika. Shangazi yako amezisema mara tatu tangu juzi, na wewe umeitikia mara tatu. Mimi nina jambo moja tu, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu wa Akoret.

Maana umepangiwa fuo nne, na Akoret ni mmojawapo. Siku uliponisomea barua ya kazi ulirukaruka ukasema, "Mama, wamenirudisha nyumbani!" Mimi nikainuka kwenda kutazama chai ambayo sikuwa nimeibandika.

Tangu ukiwa mdogo nimekuambia kwamba tulihamia Kakuma kwa ajili ya shule yako. Si kweli. Shule ya Akoret ilikuwa na walimu wake, na wewe ulikuwa unasoma vizuri. Tulihama kwa sababu nilishindwa kupita mbele ya wanawake niliokuwa nimewauza.

Baba yako alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma, nawe ulikuwa darasa la pili. Nilikuwa nikianika samaki pamoja na wenzangu. Hatukuwa na mashua wala nyavu. Kazi yetu ilianza pale wanaume walipofikisha samaki mchangani. Tulipasua mbuta na ngege, tukatia chumvi, tukaanika juu ya vichanja, kisha tukasubiri lori la Kakuma au la Kitale. Uwanja wetu ulikuwa kati ya miti ya mikoma na maji, mahali ambapo upepo haupumziki, na samaki hukauka kabla nzi hawajajua yuko wapi. Hakuna mtu aliyekuwa na karatasi ya uwanja ule. Mama zetu walianika pale, basi na sisi tukaanika pale.

Kati ya wanawake wote, mimi peke yangu ndiye niliyemaliza kidato cha nne. Ndiyo maana walinichagua kuwa katibu wa kamati. Aliyetuongoza alikuwa mama mzee, Napeyok, ambaye sote tulimwita Ata, hata sisi ambao hakuwa bibi yetu. Hakujua kusoma, lakini alijua siku ambayo ziwa litachafuka kwa kutazama ndege, na hakuna mchuuzi aliyewahi kumpunja.

Ikaja kampuni kutoka Nairobi ikitaka kujenga ghala la barafu. Tulifurahi, na sioni haya kusema nilifurahi. Mwenyewe unajua joto la kule. Samaki wengi wanatupwa kwa kukosa barafu, na hata leo naamini ghala lile lilikuwa kitu chema. Ubaya haukuwa kwenye ghala, Ekai. Ulikuwa kwenye karatasi, na baadaye ukawa kwenye mdomo wangu.

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Siku moja kabla ya mkutano, msimamizi wa kampuni, mtu mpole mwenye sauti ya chini, alikaa nami tuipitie pamoja kwa kuwa mimi ndiye ningewafasiria wenzangu. Tulipofika kifungu cha sita nikasimama. Kilisema kwamba jamii inaachia eneo lote, kuanzia kwenye mikoma mpaka ukingo wa maji, kwa miaka thelathini, na mtu yeyote atakayeingia bila ruhusa atahesabiwa kuwa mvamizi.

Nikamwambia, "Hapa ndipo tunapoanika."

Akatabasamu. "Hii ya sita ni mambo ya mawakili tu, Mama Ekai. Ukianza kuwafafanulia kina mama, tutakaa hapa mpaka Krismasi. Wasomee zile zinazowahusu." Kisha akafunga faili, na kama mtu anayebadilisha mazungumzo, akasema, "Halafu tutahitaji karani wa ghala. Mtu amesoma. Mtu wa hapa hapa."

Hakuniambia nidanganye. Liweke hilo moyoni kwa sababu na wewe sasa utakaa meza moja na watu wa namna hiyo. Hakuna atakayekuomba udanganye. Watakuomba ufupishe.

Kesho yake walikuja wanawake wote na wanaume wa mashua, na wazee wawili kutoka ng'ambo ya lagga, ule mto mkavu. Nilifasiri kifungu cha kwanza mpaka cha tano vizuri sana, hata nikaongeza mifano. Kisha nikafungua ukurasa na kusoma cha saba. Hakuna aliyejua. Moyo wangu haukudunda kama unavyofikiria moyo wa mwongo unadunda. Nilikuwa nimetulia, na utulivu ule ndio unaoniogopesha mpaka leo.

Nilipomaliza, Ata Napeyok akainua mkono. "Ni vizuri. Na sisi tutaanika wapi?"

"Palepale," nikamwambia.

"Palepale penyewe?"

"Palepale, Ata."

Basi akaja mbele, na mimi mwenyewe ndiye niliyemshika dole gumba, nikalichovya kwenye wino na kumwonyesha mahali pa kubandika. Wengine wote wakamfuata kwa sababu yeye ametangulia.

Ua wa waya ulisimamishwa mvua ya kwanza ilipopita. Ukapita katikati ya vichanja, ukakata hata njia ya kushukia majini. Wakawekwa askari wawili wa kampuni na lango moja, na mimi nikawekwa ndani, nyuma ya dirisha dogo, na kalamu na daftari. Wanawake walikuja dirishani kwangu. "Nakiru, waambie hawa watu karatasi inasema palepale." Nikawajibu, "Nitauliza." Walikuja tena. Nikawajibu vilevile. Sikumwuliza mtu yeyote kitu chochote.

Kulikuwa na mama anaitwa Asekon. Ndiye aliyenishika mgongo siku uliyozaliwa. Samaki wake wa siku mbili walikuwa bado kwenye vichanja ndani ya ua, basi akapenya chini ya waya kwenda kuwachukua. Askari walimkamata na kikapu chake, wakampeleka kituoni, akalala huko bila kuambiwa kosa lake, huku mtoto wake anayenyonya analia nyumbani. Wenzake walinijia wakasema, wewe ni katibu, wewe unajua Kiingereza, twende ukamsemee. Nikawaambia siwezi kuacha kazi.

Ekai, una kisa unachopenda kuwasimulia vijana wenzako: kwamba wewe ulikula barafu ziwani kabla wao hawajaijua, kwamba mama yako alikuwa akikuletea vipande ndani ya kitambaa, unavifyonza mpaka meno yanauma. Kila ukikisimulia unanitazama nicheke, na mimi hucheka. Barafu ile ilitoka kwenye ghala lile. Jioni ile Asekon alipokuwa kituoni nilikuletea kipande kikubwa kuliko siku zote. Nisamehe kwa kukuharibia kumbukumbu tamu. Nimefikiri sana kama niiache, nikaona umekuwa mtu mzima wa kutosha kujua ulichokuwa unafyonza.

Wanawake walihamia kwenye mawe, mwendo wa saa nzima kutoka hapo, mahali pasipo upepo. Samaki wakaanza kuoza. Siku moja Ata Napeyok alikuja, akapanga samaki watatu dirishani kwangu, juu ya daftari. Walikuwa wamelainika, wanatoa maji. Hakupaza sauti. Akauliza, "Hii harufu ndiyo palepale yako?"

Akaenda zake. Wiki ile ile niliacha kazi, nikafunga virago, nikakuambia kwamba Kakuma kuna shule nzuri.

Unafikiri nilipoacha kazi nilikuwa nimetubu? Hata mimi nilifikiri hivyo. Kwa miaka miwili niliishi hapa nikijiambia kwamba nimelipa, kwa sababu nimepoteza kazi, nimepoteza kwetu, nauza samaki wa watu wengine kwenye kibanda cha mabati. Lakini ua ulikuwa umesimama vilevile. Mateso yangu hayakumsaidia mtu kufika majini. Nilichelewa sana kuliona hilo, na nililiona kwa bahati.

Unamkumbuka Nyandeng, yule mama wa Sudan Kusini aliyeuza chai karibu na kibanda chetu? Siku moja alivunjiwa, akapigwa, na mimi nikaenda naye kama shahidi kwenye ofisi moja ya kupokea malalamiko. Ofisa aliuliza kwa Kiingereza, na kijana mkalimani akamfasiria Nyandeng kwa Kiarabu cha Juba. Nyandeng akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu, akionyesha bega, akionyesha mlango, akitaja majina ya watu, akilia na kunyamaza na kuendelea. Alipomaliza, yule kijana akamgeukia ofisa akasema sentensi moja. Mimi niliielewa: kwamba amepigwa lakini sasa yuko sawa.

Ofisa akaanza kuandika. Nyandeng akaweka kiganja juu ya karatasi. Kiingereza hakujua, lakini macho alikuwa nayo. Akamwambia yule kijana kwa Kiswahili chetu cha sokoni, "Mimi nasema mingi. Wewe nasema kidogo. Ile ingine umeweka wapi?"

"Mama, ofisa ana watu wengi," kijana akajibu.

"Mimi ni mtu moja. Sema yote."

Na kijana akasema yote. Ofisa akaweka kalamu chini, akasikiliza, na sura yake ikabadilika. Ilibidi waanze upya. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nikimtazama yule kijana, na sikumwona mtu mbaya. Niliona mtu mpole, aliyechoka, mwenye shati safi. Nilijiona mimi.

Jioni nilimweleza Mama Furaha kila kitu. Ndiye mtu wa kwanza kumwambia. Alikuwa akichagua samaki, hakuacha kuchagua. Nilipomaliza akasema, "Sasa unanambia mie juu ya nini? Mie siko mwenyi ule uwanja. Enda ubaambie benyewe."

Nilikuwa bado na ile karatasi, nakala ya kamati. Nilipohama niliificha kwenye begi la nguo zako za utotoni. Nikaitoa, nikakuacha kwa shangazi yako, nikakuambia naenda Kitale kununua bidhaa. Huo nao ni uongo mwingine, na natumaini ni wa mwisho katika orodha.

Nilifika Akoret asubuhi. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, mazuri kweli. Ata Napeyok alinikuta kwenye mikoma, akaitikia "ejok" yangu kama anavyoitikia ya mpita njia, na nilipoanza radhi zangu akanikatiza. "Hayo utamwambia Mungu. Umekuja na nini?"

"Na ile karatasi."

Akawaita wengine. Nikasimama mbele yao, nikasoma kifungu cha sita kwa Kiingereza, nikakifasiri kwa Kiturkana, neno kwa neno, kisha nikasema kwamba nilikiona siku ile na nikakiruka, na kwamba niliahidiwa kazi. Asekon aliinuka. Nilifikiri atanipiga, na ningemwacha. Akaniambia, "Mwanangu alilia mpaka sauti ikakatika. Wewe ulikuwa unajua." Akaondoka. Wengine wakaanza kupiga kelele zote kwa pamoja.

Ata akawanyamazisha. "Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Mara ya tatu."

Nilipomaliza mara ya tatu, alikuwa amekishika kichwani, tena bila kukosea, yeye ambaye hajaingia darasani hata siku moja. Ndipo aliponiambia keti. "Haya utayasema mbele ya hakimu," akasema, "na usije ukafupisha."

Shauri lilisikilizwa Lodwar. Tulimpata wakili kijana anayesaidia watu bila malipo, na kwa karibu miaka miwili tulikuwa tukienda na kurudi, wanawake wamepanda juu ya lori la samaki, wanalala kwenye veranda ya kanisa, asubuhi wananawa na kuingia mahakamani wamevaa shanga zao zote. Wewe ulikuwa shule ya bweni wakati huo. Siku yangu ya kutoa ushahidi, wakili wa kampuni aliniuliza, "Mama, unakubali ulidanganya watu wako?"

"Ninakubali."

"Basi korti itajuaje kwamba leo hudanganyi?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikamwambia, "Siku ile niliahidiwa kitu. Leo hakuna aliyeniahidi kitu. Waulize hata hawa mama kama wananipenda." Watu wakacheka, hata karani wa korti. Asekon hakucheka, ila nilimwona anatikisa kichwa, kama mtu anayesema ndiyo hivyo.

Hakimu alisema mtu hawezi kutoa asichojua kwamba anakitoa. Alama za vidole zikawa si kitu. Kampuni ikatakiwa ianze upya na wenye mahali. Walipokuja na karatasi nyingine, Ata alikataa isomwe na mtu mmoja. Walisoma watu watatu kwa zamu, kifungu kwa kifungu, kwa Kiturkana, na mtu yeyote aliruhusiwa kusema "rudia". Iliwachukua siku mbili. Krismasi ilikuwa bado mbali. Ghala lilibaki pale lilipo, na barafu bado inatengenezwa. Waya uling'olewa kutoka kwenye mikoma mpaka majini, na vichanja vikarudi kwenye upepo. Sehemu ya mwisho, upande wa kusini, hatukuipata. Ilikwisha jengwa nyumba za wafanyakazi, na wanawake walichoka kusafiri. Utaiona ukifika. Usiambiwe kwamba tulishinda yote.

Sasa wewe. Nimekutazama ukikua na sina wasiwasi na moyo wako. Nina wasiwasi kidogo na adabu yako. Una adabu nyingi, Ekai, hupendi kumkatiza mkubwa, hupendi mkutano urefuke kwa sababu yako. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Wanawake watakaokaa mchangani mbele yako watakuona una diploma na viatu, na watanyamaza ili wasikusumbue. Kimya chao usikiandike kuwa wamekubali. Mkubwa wako akikuambia kifungu fulani ni cha mawakili, hicho ndicho ukianze. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, usijiadhibu kwa kukimbia. Rudi na karatasi mkononi. Mimi nilirudi baada ya miaka miwili. Wewe jaribu kurudi kesho yake.

Asekon hajanisamehe. Mwaka jana alikuja Kakuma na mzigo, akaniuzia samaki, akapokea haki yake, akakataa chai. Ukimwona, msalimu kwa heshima, na akikujibu au asikujibu, usijaribu kutupatanisha. Kinyongo kile ni chake. Akitaka kukitunza, ana haki.

Ata Napeyok macho yake yameingia giza, lakini wanasema bado anakaa penye vichanja akigeuza samaki kwa mikono. Nenda kwake siku ya kwanza, kabla ya kwenda kwa mwenyekiti. Atakushika kiganja na kukuuliza wewe ni mwana wa nani. Utashawishika kutaja jina la baba yako kwanza, na watu wa ofisi waliosimama nyuma yako watakuwa wanasikiliza. Taja langu. Usilishushie sauti, wala usiongeze maelezo. Kisha kaa chini pale mchangani, uchukue samaki, ugeuze naye.

Mama yako,
Nakiru